Saini Yangu Ndani ya Faili

Mwaka wa pili wa masomo ya uzamivu nilikuwa nimejifungia kwenye stoo ya shule, napekua mafaili ya wanafunzi waliowahi kuhamishiwa darasa la kitengo, yaani lile la watoto wenye ulemavu linalotengwa ndani ya shule ya kawaida. Kibali nilikuwa nacho. Ridhaa za wenyewe, ambao sasa ni watu wazima, nilikuwa nazo. Mbele yangu kulikuwa na jedwali la kujaza: umri, aina ya ulemavu iliyoandikwa, sababu ya kuhamishwa, nani alipendekeza. Kwenye faili la kumi na mbili nilifika safu ya mwisho kalamu ikagoma. Aliyependekeza ni mimi.

Ripoti yenyewe ilikuwa na sentensi nne. Mtoto hana ushirikiano. Haelewi maelekezo. Yuko nyuma ya wenzake. Napendekeza kitengo. Chini yake saini, tarehe na muhuri. Nilijaribu kuikumbuka siku ile nikashindwa. Katika miaka 11 ya kufundisha elimu maalumu nilijaza fomu za namna ile nyingi mno, mpaka mkono ukawa unaandika wenyewe.

Na wakati huo nilikuwa nimeshaandika sura nzima ya kuwashutumu "wataalamu" wanaowabandika watoto majina. Mkuki kwa nguruwe.

Naandika haya kwa mwalimu mwenzangu anayefikiria kutoka elimu maalumu na kuingia kwenye taaluma ya ulemavu katika elimu, ile inayochunguza jinsi shule na jamii zinavyoutengeneza ulemavu badala ya kumchunguza mtoto ana kasoro gani. Mimi safari hiyo ilinila mwaka mmoja na nusu zaidi ya niliopangiwa, akiba yangu yote, na urafiki wa watu wawili niliofanya nao kazi. Sehemu ya gharama hiyo haikwepeki. Iliyobaki ni ujinga wangu tu.

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa na kichwa ambacho umeshakiona mara mia: changamoto zinazowakabili wanafunzi wenye ulemavu katika shule za kawaida. Msimamizi wangu alilisoma lote, akanirudishia, akauliza, "Mwalimu, hizi changamoto zinakaa wapi? Kwa hao wanafunzi au kwenye shule?" Nikamjibu kwamba kote kuwili. Akasema, "Basi mbona maswali yako yote 28 yanawauliza wao wana nini, na hakuna hata moja linaloiuliza shule inafanya nini?" Niliondoka nimenuna. Nilimwona msomi wa mezani asiyewahi kushinda siku moja na watoto 14 wenye mahitaji 14.

Nilikuja kumwelewa kupitia historia, nayo niliisoma kinyumenyume. Nilianza na vya karibuni. Mwaka 2013 Subini Annamma, David Connor na Beth Ferri walichapisha makala inayoonyesha jinsi ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa ulemavu vinavyobebana shuleni, mtazamo unaoitwa kwa kifupi DisCrit, na chuoni kila mtu alikuwa akiitaja. Niliisoma mara tatu nikatoka na misamiati, bila kujua ugomvi ni wa nani na nani. Ni kama kuingia barazani kesi inapofungwa, ukabaki kushangaa kwa nini watu hawasalimiani.

Ukinisikiliza, anza na 1968. Mwaka huo Lloyd Dunn wa Marekani, mtu wa elimu maalumu hasa, aliuliza kwenye jarida la taaluma yake mwenyewe kama madarasa maalumu ya watoto walioitwa wenye udumavu mdogo wa akili yana uhalali wowote. Alikuwa ameona kwamba waliojaa humo ni watoto wa maskini na wa jamii zinazobaguliwa. Karibu na wakati huo ripoti ya kamati ya Rais wa Marekani ilileta msemo wa "mtoto wa saa 6": ana udumavu wa akili kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, siku 5 kwa wiki, kwa sababu ya alama za jaribio moja, na akitoka getini hana tatizo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Jane Mercer akatoa utafiti uliofanyika katika mji mmoja wa California, ukaonyesha kwamba taasisi inayoongoza kwa kugawa jina hilo ni shule.

Hapo ndipo nilipoacha kununa. Nilikuwa na mvulana kitengoni aliyekuwa hawezi kujumlisha kwenye karatasi. Kwao ndiye aliyekuwa akitumwa dukani, maana hakuna muuzaji aliyeweza kumpunja chenji. Mama yake aliwahi kuniambia hivyo, nami nikatabasamu kama mtu anayesikiliza mzazi akijitetea.

Kinachofuata ni 1975, na hapa naomba usiwe na haraka ya kulaumu. Miaka michache kabla, shule za Marekani zilikuwa zikisomesha mtoto 1 tu kati ya 5 wenye ulemavu. Sheria ya mwaka huo iliwapa wote haki ya elimu ya umma bila malipo. Ulikuwa ushindi mkubwa wa wazazi na wanaharakati. Lakini mlango ulioufungua ulikuwa na kitasa cha ajabu: ili mtoto apate huduma, lazima kwanza apimwe, akutwe na kasoro, apewe jina. Fomu zangu za sentensi nne, ingawa nilizijaza miaka mingi baadaye, ni wajukuu wa kitasa hicho.

Uingereza mambo yalianzia nje ya shule kabisa. Kikundi cha watu wenye ulemavu kilichojulikana kwa kifupi kama UPIAS, chenye watu kama Paul Hunt na Vic Finkelstein, kilitoa waraka mwaka 1976 ukisema kwamba jamii ndiyo inayowalemaza watu wenye hitilafu za mwili, kwa kuwatenga isivyo lazima. Mike Oliver akalipa wazo hilo jina la mtazamo wa kijamii mwaka 1983. Mwaka mmoja kabla ya hapo Sally Tomlinson alikuwa ameichambua elimu maalumu kwa jicho la sosholojia, akiuliza ni nani anayenufaika nayo. Mwaka 1986 Len Barton na wenzake wakaanzisha jarida linaloitwa leo Disability & Society. Upande wa pili wa bahari, Marekani, chama ambacho Irving Zola na wenzake walikianzisha 1982 kilibadilisha jina mwaka huohuo wa 1986 kikawa chama cha taaluma ya ulemavu, na Christine Sleeter akaandika kwamba hata "ugumu wa kujifunza" ni kundi lililoundwa kijamii, shule zilipopandisha viwango vya kusoma.

Utaona kuna mito miwili. Mmoja unatoka kwa watu wenye ulemavu wenyewe, mwingine kwa walimu na wasomi wa elimu maalumu walioanza kuishuku kazi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliokuwa kwenye mto wa pili, akina Scot Danforth, Susan Gabel, Linda Ware na wengine, waliunda kikundi chao ndani ya chama kikuu cha watafiti wa elimu Marekani, kisha mikutano ya kila mwaka ikaanzia Chicago mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 Gabel alihariri kitabu ambacho kwa mgeni ni mlango mzuri wa kuingilia. Kwa hiyo jina la uwanja huu ni changa. Ukikuta maktaba yenu haina rafu yake, vitabu viko: vingine kwenye sosholojia, vingine kwenye elimu maalumu, vingine kwenye falsafa. Mimi nilipoteza miezi nikidhani havipo.

Halafu kuna mchanganyiko unaowapata wengi. Elimu jumuishi na taaluma hii si kitu kimoja. Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu, lililoungwa mkono na serikali 92 na mashirika 25, ni sera. Kifungu cha 24 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu ni sheria, na ufafanuzi wake wa 2016 unatofautisha vizuri kumnyima mtoto shule, kumtengea shule yake, kumwingiza tu darasani, na kumjumuisha kwa kubadilisha darasa lenyewe. Taaluma ya ulemavu huuliza swali la nyuma zaidi: huyo "mwanafunzi wa kawaida" ambaye wengine wote wanajumuishwa kwake, nani alimtengeneza? Nilipoteza alama nyingi kwenye mtihani wa kujitetea mbele ya watahini kwa kuchanganya hayo.

Lugha nayo ilinitesa kwa namna yake. Waraka ule wa 1976 unasimama juu ya maneno mawili: moja la hali ya mwili, jingine la mzigo ambao jamii inaongeza juu yake. Sisi tuna "ulemavu" kwa yote mawili. Rasimu zangu za mwanzo zilikuwa zikisema "ulemavu unasababishwa na ulemavu", na mimi sioni kichekesho. Mwishowe nilitumia "hitilafu ya mwili" kwa la kwanza na kuacha "ulemavu" kwa la pili, nikaeleza uamuzi huo kwenye sura ya kwanza. Eleza mapema, usimwachie msomaji akisie. Kisha nikaingia kwenye ngeli. Niliandika kurasa sita kwamba kilema, kipofu na kiziwi wametupwa kwenye ngeli ya vitu, na kwamba ndiyo maana tumehamia "asiyeona" na "mwenye ulemavu". Mtahini mmoja akaandika pembeni: kiongozi na kijana nao wako ngeli hiyohiyo, mbona hawajalalamika? Viziwi niliowahoji walinimaliza kabisa. Wanajiita viziwi, kwa fahari, na mmoja alinionya nisimwite "mwenye ulemavu wa kusikia" kwa sababu hajioni amepungukiwa na kitu, ana lugha yake. Kurasa sita zikawa aya mbili. Tangu hapo swali langu la kwanza kwenye mahojiano yoyote ni: nikuiteje?

Sasa, ugumu ambao hakuna aliyenitahadharisha: kukaa katikati. Kwenye kongamano la elimu maalumu nilisoma makala yangu ya kwanza nikamalizia kwa kishindo kwamba elimu maalumu ni mtambo wa kutenga watoto. Rafiki yangu wa miaka mingi, tuliyebadilishana zamu za kuwalisha watoto, alisimama akauliza, "Na wewe siku zote zile ulikuwa mtambo au ulikuwa mwalimu?" Ukumbi ulicheka. Hatujazungumza vizuri mpaka leo. Miezi michache baadaye, kwenye kikao cha wanataaluma wenye ulemavu, mtu alinisikiliza kwa adabu kisha akaniambia kwamba watu kama mimi ndio waliomfungia nje miaka 9, na sasa tumekuja kuchukua na utafiti.

Ukiujua mgogoro huo ni wa siku nyingi, unaumia kwa unafuu kidogo. Mwaka 1997 Ellen Brantlinger alilazimika kuandika makala ndefu kuwajibu watetezi wa elimu maalumu waliokuwa wakisema kwamba wao wana sayansi na wakosoaji wana itikadi. Mwaka uliofuata Simi Linton, mwenye ulemavu mwenyewe, aliandika kwamba taaluma ya ulemavu ni lazima itenganishwe na fani za tiba, urekebishaji na elimu maalumu, isije ikamezwa. Wanaofanya kazi yetu wako kati ya pande hizo mbili: watetezi wa elimu maalumu na watu kama Linton. Naona Linton alikuwa na haki ya kuogopa. Ningekuwa nimemsoma mapema, kile kishindo cha kongamano ningekibakiza mfukoni, nikaanza na fomu zangu mwenyewe.

Kazi ya uwandani. Sura yangu ya kwanza ilibeba ule msemo wa "hakuna chochote kuhusu sisi bila sisi", ambao James Charlton aliusikia mwaka 1993 kutoka kwa wanaharakati wa Afrika Kusini, Michael Masutha na William Rowland, akautia kwenye jina la kitabu chake. Niliunukuu kwa madaha. Maswali yangu ya mahojiano hayakuwa yamepitiwa na mtu hata mmoja mwenye ulemavu. Aliyenigundua ni mjumbe wa kamati ya maadili, akanirudisha miezi minne nyuma. Nilistahili. Watu watatu walioyapitia baadaye walifuta maswali 9, wakaongeza moja ambalo lilizaa nusu ya tasnifu: "Nani alikuwa wa kwanza kukuambia kwamba wewe ni tofauti?"

Bajeti yangu haikuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Nilidhani ndugu wa mhojiwa atasaidia. Usifanye hivyo. Nilifanya mara moja, na dada mtu alikuwa akinijibu yeye, huku mhojiwa akitutazama kwa zamu kama anaangalia tenisi. Weka wakalimani wawili, kwa sababu mmoja huchoka baada ya nusu saa na tafsiri huanza kukonda. Na kama unarekodi, ni video, maana sauti haina kitu. Lakini kwenye lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi, huwezi kuuziba ukabaki na maana. Ile ahadi ya "hakuna atakayekujua" nilishaiandika kwenye fomu za ridhaa, nikalazimika kuzirudia zote na kueleza wazi nani ataiona video na itafutwa lini. Fomu zenyewe ziandike kwa maneno mepesi, uwe nazo kwa nukta nundu na kwa sauti. Muda wa mahojiano uzidishe mara mbili, kisha uongeze.

Kuhusu mwenye lile faili. Kamati iliamua kwamba nisimfuate mwenyewe. Mtu mwingine amweleze kwamba aliyeandika ripoti yake ndiye mtafiti, na awe huru kukataa bila kunijibu. Alikubali. Tulikaa saa moja na nusu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nikayatanguliza, naye akanikatiza.

"Mwalimu, uliandika sina ushirikiano. Ulikuwa unafundisha umegeuka ubaoni. Mimi nilikuwa nasikia sikio moja, tena nusu. Ukitugeukia nasoma midomo, ukiandika ubaoni sina mwalimu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama muda mrefu. "Nilikuwa na miaka 8. Nilijua ndivyo shule ilivyo."

Kisha akaniambia kitu ambacho hakikuingia kwenye nadharia yangu hata kwa kusukuma: kitengoni alifurahi. Darasa lilikuwa dogo, mwalimu anakaa karibu, kwa mara ya kwanza alisikia hadithi mwanzo mpaka mwisho. Alichokichukia ni kwamba hakurudishwa tena, na kwamba mtihani wa mwisho hakuuona. Nilikaa na mazungumzo hayo wiki nzima bila kuandika, maana nilikuwa nimeshapanga hitimisho linalosema kitengo ni gereza. Msimamizi akasema tuyaache yapingane, yaonekane. Ndiyo sura ambayo watu bado wananiuliza.

Na nadharia zina mipaka yake, hata zile unazozipenda. Mhojiwa mwingine, mwenye maumivu ya viungo ya kudumu, aliniambia kwamba ngazi zikiondolewa shukrani, lakini kuna siku maumivu yenyewe ndiyo ngazi. Tom Shakespeare, mwanasosholojia wa Uingereza, aliusema udhaifu huo wa mtazamo wa kijamii mwaka 2006 akashambuliwa sana. Msome hata kama hutakubaliana naye.

Funzo zito zaidi la uwanja wetu ni mawasiliano ya kushikwa mkono. Miaka ya 1990 Douglas Biklen, mmoja wa watu wanaoheshimiwa katika harakati za ujumuishi, aliieneza Marekani mbinu iliyotoka Australia kwa Rosemary Crossley: msaidizi anamshika mkono mtu asiyeongea ili aandike kwenye kibodi. Watoto walioonekana hawana lugha wakaanza "kuandika" mashairi. Majaribio yaliyofuata, ambamo msaidizi na mtoto walionyeshwa picha tofauti, yalionyesha kwamba maneno yalikuwa ya msaidizi. Mwaka 1994 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikatangaza kwamba mbinu hiyo haina ushahidi wa kisayansi. Kuna wenzetu wanaolikwepa jambo hili mpaka leo. Mimi nililiweka kwenye tasnifu, kurasa 3, kwa sababu mimi pia niliwahi kuwasemea watoto kwa sentensi nne nikaamini ni ukweli wao. Imani kwamba mtoto ana uwezo ni nzuri. Haikupi ruhusa ya kuacha kuangalia mkono unaoandika ni wa nani.

Kazi? Matangazo ni machache. Idara za elimu maalumu hukuuliza kama utawafundisha walimu jinsi ya kupima watoto au utawaambia waache. Jibu langu lililoniponza mara mbili lilikuwa "waache". Sasa nawafundisha kupima, na nawataka waandike kwanza nusu ukurasa kuhusu darasa lenyewe: mwanga, kelele, mwalimu anasimama wapi, ubao unaonekana kutoka dawati gani. Wananung'unika kwamba fomu haina nafasi hiyo. Nawaambia wageuze karatasi waandike nyuma.

Tasnifu ilipopita nilimtumia kila mhojiwa nakala. Mmoja wao, asiyeona, alinipigia jioni ileile. Kurasa zangu zilikuwa zimeskaniwa pamoja na saini za watahini, na kisoma skrini chake, programu inayomsomea maandishi kwa sauti, kilikuwa kimemsomea kurasa 311 kwa neno moja: picha, picha, picha. Nilitengeneza upya faili zima, nikaandika maelezo ya kila jedwali kwa maneno. Ilinichukua siku nne. Alinirudishia na masahihisho ya tahajia mawili, yote kwenye sura inayomhusu.